Niliandika "mimi" kwenye hadithi, wakwe wakaamini nina mtoto Walikale

Habari za humu wakuu. Shikamoo kwa wakubwa, wengine mambo vipi.

Leo naleta kisa changu mwenyewe na sitatia chumvi. Asiyeamini apite tu, uzi wa mpira uko hapo juu.

Mimi ni dada wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, Congo. Ni fundi cherehani, nashonea pale Kitshanga. Kiswahili cha humu nimejifunza kwa kuwasoma nyinyi kimya kimya bila ku-comment, kwa hiyo msinicheke. Ila watu wa kwetu wakifungua mdomo nitawaacha waseme kama wanavyosema. Nikiwasafisha wataonekana wapole kuliko walivyo.

Kushona ndiyo kazi, lakini ugonjwa wangu ni hadithi.

Nina group la WhatsApp la kusimulia. Wengi wetu hatuna muda wa kusoma maandishi marefu, tuko shambani, tuko sokoni, tuko juu ya pikipiki. Basi mimi naandika kwanza, halafu narekodi audio kwa sauti yangu, watu wanasikiliza wakipalilia maharage.

Sasa twende kwenye kisa.

Niliandika stori ya binti mmoja wa Masisi aliyekwenda Walikale kuwapikia wachimbaji. Akazaa huko. Siku moja akamwacha mtoto kwa jirani, akaenda mtoni. Risasi zikalia, kijiji kikatawanyika, binti akakimbia na watu, mtoto akabaki.

Nilisimulia kwa "yeye". Yeye alifanya hivi, yeye alikwenda vile. Na kwa kuwa mimi msimuliaji najua kila kitu, nilianza kwa kumwonyesha msikilizaji mtoto amelala ndani ya nyumba, halafu nikamwonyesha binti anakimbilia upande mwingine.

Wakuu, comment zilizokuja!

"Mama gani anaachaka mutoto?"

"Uyo haiko mama, iko jiwe."

Mwingine akasema binti alitaka tu kurudi Masisi akiwa mwepesi ili aolewe. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa blauzi kinyume. Nilimpenda yule binti, nilikaa naye kichwani wiki nzima, halafu watu wanamtandika mbele yangu!

Nikajiuliza kosa liko wapi. Matukio yalikuwa sawa. Nikaja kugundua kwamba tatizo ni mahali nilipomkalisha msikilizaji. Nilikuwa nimemkalisha juu ya mlima, anaona nyumba, anaona mtoto, anaona njia zote mbili. Mtu aliyekaa huko juu ni rahisi sana kusema "si angerudi tu."

Lakini binti mwenyewe hakuwa juu ya mlima. Alikuwa mtoni na ndoo.

Basi nikaifumua stori kama gauni lililomkaa mteja vibaya. Sikugusa tukio hata moja. Nilibadilisha tu anayesema. Ikaanza hivi: "Mimi nilitoka Masisi nikiwa na sufuria moja."

Na hapo nikalazimika kuficha alichokuwa hakijui. Mtoto yuko wapi? Hajui. Anaona wanawake wanakimbia mbele, anaamini mmoja wao ni jirani, amembeba mtoto. Kwa hiyo anakimbia akiangalia migongo ya akina mama walio mbele, mmoja mmoja, akitafuta kichwa kidogo. Msikilizaji naye anatafuta pamoja naye. Naye anaamini.

Nikatuma.

Watu wale wale, nasema tena, WALE WALE waliosema jiwe, wakalia. Yule wa "mama gani" alinitumia audio ya kulia tupu, hakuna neno ndani. Jamani, nilijisikia mkubwa. Nilifunga duka mapema nikaenda kujinunulia mishikaki.

Sasa mtaniuliza tatizo lilianzia wapi. Lilianzia kanisani, na nilipaswa kulijua, maana humo ndimo nilimokulia.

Kwetu, Jumapili baada ya nyimbo, kuna muda wa ushuhuda. Mtu anasimama mbele, anasema "mimi", na kila kinachofuata ni kweli mbele ya Mungu. Hadithi za jioni zinaanza tofauti: "Kulikuwa na mutu mumoja." Huyo mutu mumoja anaweza kumezwa na nyoka, anaweza kuoa fisi, hakuna anayeshangaa. Lakini hakuna mtu kwenye milima yetu anayesimama na sauti ya kutetemeka akasema "mimi nilifanya" jambo ambalo hakulifanya. Masikio yetu yamefundishwa hivyo tangu utoto.

Mwanzoni mwa audio nilisema wazi kwamba ni ya kubuni. Lakini sokoni Kitshanga kuna kaka anayewawekea watu nyimbo kwenye memory card. Aliipenda stori, akaona salamu zangu ni ndefu, akazikata. Akaiacha ianze kwenye "Mimi nilitoka Masisi."

Ikatembea, wakuu. Pikipiki zikaibeba mpaka Sake, mpaka Mubambiro, mpaka huko Walikale kwenyewe.

Akina mama wakaanza kuja dukani kunipa pole. Mmoja akaniletea maharage. Mwingine akaniuliza jina la mtoto, ana kaka yake anakwenda Walikale, atauliza. Nikimwambia ni hadithi, ananishika bega na kusema, "Najua dada, inaumaka kusema." Nilicheka. Niliona ni sifa.

Sikucheka tena siku fiancé wangu alipokuja.

Anaitwa Espoir, ni motard, anaendesha pikipiki kati ya Sake na Kitshanga. Kwao ni Kirolirwe, kwenye ng'ombe. Mahari ilikuwa imeshakubaliwa, ng'ombe ameshachaguliwa, tarehe ya kanisa iko. Aliingia bila hata kuvua kofia ya pikipiki.

"Shangazi amesikia ile audio," akasema. "Anasema ndoa haiko."

"Haukumuambia ni hadisi?"

"Nilimuambia. Ananijibu, hadisi hailiaka vile."

Shangazi Vumilia ni dada wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea Espoir. Hakujaliwa mtoto, ndivyo wote tulivyojua. Anatengeneza jibini huko Kirolirwe, na katika ukoo ule hakuna ndoa inayopita bila yeye kufungua mdomo. Mteja alikuja kuchukua jibini, simu yake inacheza audio yangu. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho amesimama, akamwambia mteja arudi kesho, akafunga mlango.

Ukweni wakatuma ujumbe: wanakuja. Na hawaji na ng'ombe.

Baba yangu ni mkulima, mtu wa maneno machache, na yote machache aliyokuwa nayo aliyamaliza kwangu asubuhi hiyo.

"Nilikuambia hii telephone itakuvunja shingo. Wewe unakaa na kusema 'mimi, mimi'. Hakuna mutu mwengine wa kusema?"

Nilimpenda Espoir, bado nampenda, nilikuwa nimeshashona gauni langu mwenyewe kwa mkono, lilikuwa limetundikwa chumbani. Nililiangalia nikalia kwa hasira. Nitaachwa kwa sababu ya mtoto niliyemtunga mwenyewe! Halafu kitu kikanijia kichwani, nikaacha kulia.

Wakafika. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa Espoir, mzee mwenye kofia nzuri na sauti ya bungeni. Shangazi Vumilia akakaa pembeni, mikono mapajani. Hakunisalimia.

Kwa kawaida bibi harusi hukaa ndani, anaitwa, anaulizwa, anajibu ndiyo ama hapana. Nikaitwa.

"Binti yetu," akasema baba mdogo, "tulikuya kwenu na mikono myeupe. Tunataka kusikia na kinywa yako. Ule mutoto wa Walikale, iko wapi?"

"Baba mudogo, mutaniruhusu nijibu na maneno kidogo?"

Akamwangalia Baba. Baba akaangalia dari. Nikachukua hiyo kuwa ruhusa.

Nikasimama katikati kama tunavyosimama kanisani, nikashusha sauti, nikaitetemesha kidogo.

"Mimi nilizaliwa Kirolirwe, mu mwezi wa mvua. Mama yangu alikuwa na pembe moja. Ingine aliivunja juu ya kupigania majani na jirani."

Baba mdogo akakunja uso.

"Sikupendaka milima. Nyinyi munapanda na miguu mbili, miye niko na mine na yote inaniuma. Siku moja bakanifunga kamba. Banasema niko mahari. Hakuna hata mutu aliniuliza."

Kuna mtu alikohoa. Ilikuwa ni kicheko kimejificha.

"Mu njia tukakuta basoda na bunduki zabo. Bakaniangalia vile munaangaliaka brochette ya nyama ku moto. Nikasema, Mungu wangu, nifikishe tu kwa ule binti. Nikafika. Nikamuona. Nikasema, eh! Batu balinitembeza hii milima yote juu ya huyu? Mufupi vile?"

Baba alikuwa wa kwanza kuvunjika. Baba yangu mimi, ambaye hucheka Krismasi tu! Kisha Espoir, kisha nyumba nzima. Baba mdogo alivua kofia akajipepea nayo.

Nikangoja watulie.

"Baba mudogo, toka mwanzo niko nasema 'mimi'. Sasa niambieni, nani hapa atanikamua kesho asubuyi?"

Wakuu, nyumba ilitaka kuanguka.

Nikawaeleza. Nikawaambia mteja akinipa gauni lake nilirekebishe, wakati mwingine nalivaa mimi kwanza mbele ya kioo, nione linabana wapi. Silichukui, namrudishia. Na "mimi" ya hadithi naivaa hivyo hivyo. Nilipokuwa nimemwita binti "yeye", watu walimtukana. Nilipomvaa, wakamlilia. Sikumzaa mtoto yule, nilitaka tu watu wajue linabana wapi.

Nikadhani nimeshinda. Nusu.

Baba mdogo akafuta macho, akavaa kofia yake, akarudi kuwa msemaji.

"Tumeamini, binti. Kweli, tumeamini. Lakini batu ya inje habakukuwa hapa. Mu soko jina yako njo mama wa mutoto wa Walikale. Tutapita kila mulango kueleza mambo ya ngombe? Mie naona tungoje kwanza."

Kungoja kwanza. Mnajua maana yake. Ni kukataa kwa adabu. Nilimwangalia Espoir, naye akafungua mdomo, na kabla hajasema Shangazi Vumilia akanyanyua mkono.

Yeye peke yake hakuwa amecheka.

"Pale mu njia," akaniambia, "ule binti iko anaangalia migongo ya bamama. Nani alikuambia iyo?"

"Hakuna mutu, Shangazi. Nilijiweka pale tu."

"Ulijiweka."

"Ndiyo, Shangazi."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akaanza kusema, akiangalia mikono yake.

"Kulikuwa na binti mumoja, wa huku kwetu. Alifuata bengine Walikale, kupikia bachimbaji. Akazaa kule mutoto mwanaume. Siku moja akaenda mu mto kufua, mutoto akabakia kwa jirani. Masasi ikalia. Binti akakimbia. Akaona mbele mama wa kitenge ya kijani, na kitu mu mugongo. Akasema, njo yeye jirani, amemubeba mutoto. Akamufuata muchana muzima. Kila akichoka anaangalia ile kitenge, anapata nguvu. Mangaribi yule mama akaketi, akageuka. Haikukuwa jirani. Na mu mugongo ilikuwa gunia ya muhogo."

Niliandika ile stori, nikaisoma, nikairekodi, nikajiona bingwa. Sikuwahi kuwaza gunia la muhogo.

Baba mdogo akauliza kwa sauti ya chini sana, "Na ule binti, alirudi kumutafuta?"

"Alirudi," akasema Shangazi. "Nyumba zilikuwa zimeungua. Aliuliza kila mutu. Alirudi tena. Nilirudi. Nilirudi miye, na hii miguu. Anaitwa Amani. Ni mutoto wangu."

Espoir alipiga magoti mbele yake. Ndipo nilipoelewa kwa nini Shangazi alikuwa mkali vile. Aliposikia ile "mimi" kwenye simu ya mteja, alidhani kuna mtu amefukua siri yake na kuizungusha Masisi nzima kwa sauti ya msichana.

Shangazi akajifuta uso kwa kitenge, akainua kichwa, akawaangalia ndugu zake mmoja mmoja.

"Musililie mutu. Munijibu tu. Kama munaacha huyu binti juu ya mutoto wa hadisi, miye wa mutoto wa kweli mutaniacha lini?"

Baba mdogo alisimama, akavua kofia, safari hii kwa heshima, akamwinamia dada yake. Kisha akamgeukia Baba.

"Ngombe itafika Jumamosi," akasema.

Mama yangu alipiga vigelegele toka jikoni mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Nilicheka na kulia pamoja, sikujua kipi kimeanza. Baba alinipita, akanigonga kichwani kidogo kwa kidole, akasema, "Mufupi vile," akaenda kuwatafutia wageni viti vya nje.

Tulifunga ndoa, wakuu. Gauni lilinikaa!

Na Jumapili ya shukrani baada ya harusi, kanisani, muda wa ushuhuda ulipofika, Shangazi Vumilia alisimama mwenyewe. Hakuanza na "kulikuwa na". Alisema "mimi", akasema jina la mtoto wake, jina la kijiji na rangi ya kile kitenge, mbele ya watu wote wenye midomo ya sokoni. Alipomaliza, wanawake wanne watano wakamfuata mbele, kila mmoja na yake. Mchungaji alikunja karatasi ya mahubiri akaiweka mfukoni, siku hiyo haikuwa na nafasi.

Tangu hapo hakuna aliyeniuliza mtoto wangu yuko wapi. Aibu ilikosa pa kukaa. Wenzake Espoir, wale motard wanaokwenda upande wa Walikale, wanauliza habari za Amani wa Vumilia, kwa jina, kila wanaposimama. Hajapatikana bado. Lakini Shangazi anasema miaka yote alikuwa anamtafuta peke yake, na sasa wanaomtafuta wamekuwa wengi.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, ameniruhusu. Yeye ndiye aliyeniambia nilete huku, kwa sababu Masisi nzima wameshasikia na yeye anataka wengine wajue.

Nilichojifunza, kwa mnaoandika na mnaosoma.

Tunahangaika sana na "nini kilitokea". Tunasahau kuuliza tunakitazama tukiwa wapi. Ukinipa "yeye" na ukanionyesha kila kitu toka juu, nitahukumu haraka, ndivyo tulivyo. Ukinipa "mimi" nisiyejua kilicho nyuma ya kona, nitakimbia na wewe. Si kwamba moja ni bora. "Yeye" ina kazi yake kubwa, na mmeiona: Shangazi asingeweza kuanza kusema bila hiyo. Ilimsogeza mbali kidogo na maumivu mpaka akapata pumzi ya kuyasogelea.

Mimi nilitumia "mimi" kuingia kwenye maisha ya mtu ambaye hayupo. Shangazi alitumia "yeye" kutoka kwenye maisha yake kwa dakika chache, kisha akarudi ndani mbele yetu sote, kichwa juu. Nimesoma na kusikiliza stori nyingi, sijaona msimuliaji akigeuza vile.

Haya, uwanja wenu. Waandishi, semeni mnachagua vipi nani asimulie. Wasomaji, kuna hadithi iliwahi kuwafanya mumpende mtu ambaye mngemkuta barabarani mngemtukana?

Na wewe unayesoma kimya kimya kama nilivyokuwa mimi, una kile kisa ambacho siku zote unakisimulia kuwa ni cha rafiki yako. Humu hatujuani sura. Andika "mimi", halafu uendelee. Tuko hapa tunasoma.